Mkebe wa Vidonge Uliokuwa Chini ya Benchi

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, karibu zahanati. Tumekuwekea kiti chenye mgongo kwa sababu benchi lina msumari. Sisi tumeshauzoea.

TULIKOTOKA
Sisi ni watu ishirini na wawili ambao mioyo yetu hukimbia hata tukiwa tumekaa. Tulianza kukutana hapa kila Jumanne, siku ya kuchukua dawa ya kupunguza mapigo. Dada muuguzi alitufundisha kushika kifundo cha mkono na kuhesabu dakika nzima bila kupiga soga. Hilo la soga lilitushinda miezi miwili.

TULICHOPATA
Mama muuza mitumba alikuja na mapigo mia moja na arobaini. Leo ana sabini na nane, na anapanda ngazi za kwake bila kupumzika. Mwalimu mstaafu naye ameacha kubadilisha wosia kila wiki, ingawa wanawe wanasema walikuwa wameanza kunufaika.

TULIPOKWAMA
Dawa huisha dirishani kabla ya mwezi kuisha. Tulionywa tusiiache ghafla, hivyo tukaanzisha mkebe: mwenye vidonge anaweka viwili, aliyeishiwa anachukua. Tulijiona wajanja kweli. Hatukujua kuwa vidonge vyeupe vinavyofanana vinaweza kuwa na nguvu tofauti.

Mwezi uliopita mwenzetu alichukua viwili. Mapigo yakashuka hadi thelathini na nane, akaanguka akiwa kazini, hapo nje ya zahanati. Dada muuguzi ndiye aliyemwahi. Wiki iliyofuata akapewa barua ya kujieleza, eti aliruhusu wagonjwa kugawana dawa.

Mgeni rasmi, hakuwa na habari. Akiingia tu, tulikuwa tunausukuma mkebe chini ya benchi kwa miguu, maana tulijua angetugombeza. Tunaona aibu kubwa kulisema hili mbele yake.

MAOMBI
Tunaomba dawa itoshe mwezi mzima. Mkebe tumeshautupa. Lakini kama ni lazima tuchague ombi moja, tunaomba ile barua ifutwe, dada yetu abaki kazini.

Hapa naomba radhi kwa wenzangu, naacha kusema “sisi”. Aliyeanguka ni mimi, fundi viatu, ninayekusomea risala hii. Nilipozinduka nilimsikia akihesabu mapigo yangu kwa sauti, huku analia, wala hakukosea hesabu. Barua ya kujieleza niandikie mimi.

Mungu akulinde, akurudishe salama kwa wanao.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Moyo wa Jumanne.