Wimbo wa Kumwingiza Bibi Harusi

"Huo ndio wimbo atakaoingia nao binti yetu kesho," alisema shangazi aliyepakata gauni la harusi, redio ya basi ikiimba.

Msusi aliyekaa naye akaguna. "Dada, mwimbaji aliutunga mkewe alipomkimbia. Mnamwombea binti talaka?"

"Mke alirudi! Aliusikia tu, akafunga virago akarudi."

"Nani kakwambia?"

"Na wewe nani kakwambia?"

Mjane wa kiti cha nyuma akawaza: Mungu atusitiri, wanasema kana kwamba walilala uvunguni mwa kitanda cha mwimbaji.

"Nuksi hiyo. Badilisheni," msusi akasisitiza.

"Kauchagua binti mwenyewe, moyo wake umeridhika."

Basi likasimama. Shangazi akashuka akiuimba kwa makusudi. Msusi akasonya, lakini kiitikio kilipofika akaitikia dirishani, na mjane akaona sauti yake si haba.