Ngurumo Bila Mwanga: Tunamkumbuka Maman Drocella wa Nyakarenzo

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi mahali mlipo. Aliye jikoni asogeze redio karibu. Leo tunamkumbuka Maman Drocella Mukabera, mshonaji wa Nyakarenzo, aliyetutoka Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Nasema tena kwa waliochelewa: Drocella Mukabera, wa Nyakarenzo, mama yake Isimbi.

Alizaliwa Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko. Alirudi Rwanda mwaka 1995 akiwa na mtoto mgongoni na cherehani kichwani. Wengi wenu mmeimba kanisani mkiwa mmevaa sare alizoshona. Lakini kule mlimani alijulikana zaidi kwa jambo jingine. Alijulikana kwa mawingu.

Yeye na jirani yake, Mzee Vénuste, walipenda hali ya hewa kama wengine wanavyopenda mpira. Vénuste alikuwa na redio ya mawimbi mafupi. Kila jioni walisikiliza habari za Kifaransa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi. Kimbunga kikizaliwa huko, walikifuata kwenye ramani ya shule, wakisogeza kifungo cha shati juu ya maji ya bluu. Rafiki yao wa tatu alikuwa Murhula, mfanyabiashara wa Bukavu aliyevuka mpaka na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Yeye aliwaletea habari za upepo wa upande wa Kongo.

Bahari iko mbali nasi sana. Lakini Drocella aliamini hivi: kimbunga kikitulia kule Msumbiji, kinavuta upepo wa Kongo, na mvua kubwa inatuangukia sisi.

Majirani walimcheka. Patricie, anayekaa nyumba ya chini, alikuwa akipiga kelele kutoka njiani: "Maman Drocella, uulize mawingu kama bwana yangu atapitia kwa bar leo!"

"Kwa ile sina lazima ya mawingu," Drocella alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Atapitia."

Kisha vita vya Kongo vilianza. Mizinga ya Bukavu ilisikika hadi Nyakarenzo. Watu walizoea kukimbilia korongo lililo chini ya nyumba zao, wakalala humo kifudifudi. Shida ni kwamba hata radi iliwakimbiza. Ndipo Drocella na Vénuste walipowafundisha sheria moja. Angalia kwanza. Ukiona mwanga halafu sauti, ni mvua, baki ndani. Ukisikia sauti bila mwanga, ni bombe, shuka korongoni. Nasema tena: sauti bila mwanga, shuka. Batoto waliiimba njiani kama wimbo.

Mwezi wa tatu, mwaka 1999, kifungo kilikaribia pwani ya Msumbiji. Walikifuata jioni baada ya jioni. Mwishowe redio ilisema kimbunga kimegeuka, kimerudi baharini, kinakufa. Vénuste alikiondoa kifungo kwenye ramani. "Imekwisha," alisema.

Kesho yake mchana, anga lilikuwa na rangi ya maji yaliyolowekewa muhogo. Hakukuwa na upepo. Majani ya migomba yalining'inia kama nguo zilizolowa. Mbuzi walilala chini, wote wakitazama upande mmoja. Kisha sauti ikaja kutoka upande wa Bukavu, nzito, ndefu. Watu walitazama juu. Hakuna mwanga. Sauti ikaja tena. Hakuna mwanga.

Vénuste alipita nyumba kwa nyumba. "Haina mwanga! Mushuke!"

Wakashuka, kilima kizima. Isimbi alikuwa mtoto wakati huo. Ameniambia: "Bantu mingi vile, na hakuna aliyekohoa. Nilisikia tu majani yakigusana."

Drocella hakuwepo. Alikuwa anarudi kutoka Kamembe kupeleka sare. Njiani alimkuta Murhula juu ya pikipiki, ametoka mpakani.

"Murhula, kule Bukavu banapiga wapi?"

Murhula alimkodolea macho. "Kule? Maman, kule bantu bote beko inje, banaangalia huku. Banasema njo Rwanda inapigana!"

Wasikilizaji wapendwa, fikirini jambo hilo. Bukavu ilidhani vita viko kwetu. Sisi tulidhani viko Bukavu. Na hakuna aliyekuwa anapiga. Lilikuwa anga lenyewe, na mawingu yalikuwa mazito kiasi cha kumeza mwanga wote.

Drocella alipanda ile pikipiki. Alipofika ukingoni aliwaona wote chini, wamelala.

"Lala, Maman! Batakuona!" Vénuste aliita.

"Nani ataniona, Papa Vénuste? Ni mvula! Maji inakuya!"

"Haina mwanga!"

Hakuna aliyesogea. Walimwamini sana Drocella, na ndiyo sababu hawakutoka. Walikuwa wanashika alichowafundisha.

Basi alivua kitambaa chake cheupe cha kichwa, akainua mikono, akasimama wima mahali pa wazi. Alisali Baba Yetu kwa sauti. Ngurumo ikaja. Patricie anasema: "Tuliangalia kifua chake. Tulingoja aanguke." Hakuanguka. Ngurumo ikaja tena. Hakuanguka. Patricie akachukua mtoto wake, akapanda. Wengine wakamfuata. Vénuste alibaki chini akiwainua batoto, mmoja mmoja.

Hapo kwetu hakuna hata tone lililokuwa limeanguka. Maji yalitoka juu ya mlima, meusi, yakisukuma mawe. Vénuste alikuwa wa mwisho. Tulimwokota chini kabisa, karibu na mto Rusizi. Mungu amlaze pema.

Drocella alimwambia bintiye: "Sheria ilikuwa yetu sisi wawili. Yeye ameibeba peke yake." Tangu hapo, kila radi ilipolia, alitoka. Alisimama pale ukingoni, akilowa, mpaka kila nyumba imwone na mtu asishuke. Pasta alimwonya kwamba radi itamchukua. "Radi na mimi tunajuana, Pasta," alijibu. Masika haya alisimama siku nyingi, na baridi ikamwingia mapafuni. Hivyo ndivyo alivyotutoka.

Alhamisi tulimzika. Jioni ile ile, ngurumo bila mwanga. Isimbi alitazama dirishani. Milango ilifunguka. Wazee walitoka na mikeka yao, polepole, kama watu wanaotembea usingizini, wakaelekea korongoni. Vita vimekwisha miaka mingi, lakini miguu haijaambiwa. Na pale ukingoni hapakuwa na mtu.

"Nilitoka na nguo zangu za matanga," Isimbi anasema. "Nikasimama. Niliogopa sana. Kisha nikasikia nyayo zao zimeacha kutembea."

Isimbi, pole sana. Pole kwa ukoo wote wa Mukabera, na kwako Murhula huko Bukavu. Bwana awafariji. Nasi tujiulize mbele za Mungu: ni neno gani tuliwafundisha watu kwa nia njema, ambalo leo linatudai tusimame mbele yao na kulikana?

Nikiangalia nje ya studio, mawingu yamejaa upande wa Kongo, na sijaona mwanga. Ninyi mlio juu ya makorongo, nawaomba kwa jina la Drocella: msishuke.