Hisabati Niliyokatazwa

Nilifaulu hisabati, na kwenye karatasi hiyo hiyo ya matokeo nikakatazwa kuendelea nayo. Ilikuwa ile hisabati nzito ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na bila hiyo ni vigumu sana kuingia uhandisi.

Ndugu zangu, mnaniona kila Jumapili na kwaya, na wengi mlisikia habari hii nusu nusu. Leo nitaieleza kwa mpangilio. Sitataja jina la mtu. Wenyewe mtajijua.

Mwisho wa mwaka wa nne, shule ilimwita mama. Yeye ni mtu wa Bukavu. Huku ugenini Kifaransa cha dukani anakimudu, kile cha walimu kinampita. Kwa hiyo nilikaa katikati kutafsiri, kama watoto wengi humu ndani mnavyofanya. Mwalimu akasema alama zangu zinatosha, lakini baraza la walimu limeona nichukue masomo mepesi, kwa faida yangu. Sababu? Nyumbani hakuna mtu wa kunisaidia.

Nilimtafsiria mama maneno hayo yote, mimi mwenyewe, kuhusu mimi mwenyewe. Akainamisha kichwa kwa heshima.

"Umuambie aksanti sana."

Nikamwambia. Hasira ya siku ile bado ninayo, na siiombei radhi.

Uamuzi kama huo unaweza kupingwa, ila ndani ya siku chache tu. Mama akaja kuomba ushauri hapa, katika ukumbi huu, baada ya ibada. Na mlimshauri.

"Maman, usigombane na bazungu. Dossier yako, makaratasi ya uraia, ingali kwao."

"Mutoto mwanamuke na mahesabu ya nini? Afanye infirmière, auguze wagonjwa, kazi haikosekane."

Mwingine akauliza kama nataka kwenda kujenga daraja la mto Ruzizi kule Bukavu. Mkacheka. Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika sahani zenu za sambusa.

Papa mmoja, mzazi wa Lubumbashi, hakucheka. Alitufuata hadi kituo cha tramu.

"Maman, na mimi niliogopa vile vile. Mutoto wangu balimusukuma kwa masomo mepesi, nikanyamaza. Leo hataki hata kusikia neno shule. Mambo ya uraia haiko kazi ya shule. Bon, kesho tunaenda pamoja."

Tukaenda. Mbele ya mkurugenzi nilifungua kinywa kutafsiri, mama akanishika mkono ninyamaze. Akauliza mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha kuokoteza: mtihani utafanywa na nyumba yangu, au utafanywa na mtoto? Mkurugenzi alikodolea karatasi zake macho, kisha akasema baraza la walimu litakaa tena. Walikaa, wakabadilisha uamuzi.

Msidhani baada ya hapo niliteleza tu. Mtihani wa kwanza wa dérivées, zile hesabu za kasi ya mabadiliko, nilianguka vibaya. Mwalimu yule yule akaniuliza kwa upole kama sasa naelewa kwa nini walinikataza. Upole ule uliniuma kuliko tusi. Nilianza kusoma kwenye maktaba ya mtaa wa Koekelberg na msichana Mturuki wa darasa letu, asiyejua kubembeleza. Alikuwa akitupia jicho daftari langu na kusema, "Umesahau tena alama ya kutoa." Kila mara ilikuwa kweli. Nilifuta, nikaanza upya, nimekasirika, mpaka alama zikapanda.

Juzi nimemaliza sekondari. Hisabati ile nimeifaulu.

Namshukuru Mungu, na mama, na papa aliyetufuata njiani, na yule rafiki ambaye hajawahi kukanyaga humu. Ninyi mliocheka, nawasalimu pia. Nawaambia jambo moja: mtoto akihukumiwa, ulizeni sababu, na mmwulize aliyehukumu, si jirani kwenye kiti. Kumheshimu mwalimu hakuzuii kumwuliza swali.

Kuna mtoto humu ndani aliyepewa karatasi kama yangu wiki hii. Muda wa kupinga unaisha kesho. Nimezungumza naye kabla ya ibada. Anasema wazazi wake wameshauriwa waache.