Bartholomeo wa Jiwe la Chimala

Ndugu waombolezaji, jina langu ni Evarista. Marehemu ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Alipozidiwa alitaka mimi ndiye nisome habari za maisha yake. Baba mdogo Saulo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo hapa, amekubali kwa shingo upande, akaniomba nisome kwa upole. Nitasoma kwa heshima. Upole leo sina.

Marehemu Bartholomeo Kalinga alizaliwa tarehe 3 Mei 1904, Kalenga, Iringa, mtoto wa tatu kati ya sita. Wazazi wetu walikuwa wakulima wa ulezi. Mama alisema hakuwa mtoto wa kulialia, ila aliponyang'anywa kitu alichokwisha kukishika.

Alisoma shule ya misheni, Tosamaganga, tangu 1914 hadi vita vilipokatiza masomo mwaka 1916. Mwandiko wake ulikuwa mbaya mpaka anakufa. Lakini mkono uleule ulishika wembe miaka thelathini na mitano bila kumwaga damu ya mtu.

Mwaka 1921 alianza kujifunza ukinyozi kwa Mzee Muhidini, mtu mwenye asili ya Kilwa aliyekuwa na kibanda sokoni Iringa. Mwaka mzima wa kwanza hakugusa kidevu cha mtu, alinoa tu. Mzee Muhidini alikuwa akimwambia, "Wembe ukiwa na makali, mteja atasinzia kitini. Ukiona ameshika magoti, rudi kwenye jiwe." Mwaka 1935, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu Mbeya, marehemu naye alihamia huku, akafungua kibaraza chake karibu na soko. Aliwanyoa makarani, askari, madereva na wenye maduka. Wengi wenu mliopo hapa aliwanyoa, na wengine aliwanyolea baba zenu walipolazwa kama yeye alivyolazwa leo.

Alifunga ndoa na Verediana tarehe 20 Julai 1929, Tosamaganga. Walijaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele ya haki. Katika ndoa hiyo kuna kisa ambacho wifi yangu amenipa ruhusa nikiseme. Mwaka 1938 marehemu alikuwa akirudi kutoka Iringa, lori likaharibika Chimala. Abiria wenzake walikwenda kununua mchele. Yeye alishuka mtoni kunawa miguu, akakanyaga jiwe la kijivu, laini mpaka kisigino kikateleza, akaanguka na suruali yake ya safari. Watu wakacheka. Yeye alikaa mlemle majini akilipapasa lile jiwe. Alilipakata mpaka Mbeya.

Wifi alimuuliza, "Baba Crispin, umetuletea nini kutoka Chimala?"

"Jiwe," akajibu.

Siku mbili hakupikiwa. Siku ya tatu alimkata wifi kucha kwa wembe ulionolewa juu ya jiwe lile, na wifi anasema hakusikia chochote. Ugali ukarudi mezani.

Nalieleza jiwe hili kwa sababu kuna watu hapa hawajui walichokifanya. Marehemu alikuwa na mawe mawili. La kwanza ni la mchanga, jekundu, lilikaa nje mlangoni kwa ajili ya visu na mapanga, na kila jirani aliliazima. La pili ni hili la Chimala, la nyembe peke yake. Alilisugua mpaka likawa tambarare kama kioo cha dirisha. Alilitumia kwa maji, hakulipaka mafuta hata siku moja. Wembe unalazwa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, unavutwa makali yakitangulia, kisha unageuzwa kwa mgongo na kurudishwa. Hukandamizi. Alilifunga kwa kitambaa cha kaki akaliweka juu ya kabati, kando ya rozari.

Mwaka 1954, masika, mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Alipewa vidonge, akapumzishwa, haikusaidia. Alipompaka mteja sabuni na kumnyoa aliweza kuuegemeza mkono shavuni, lakini kwenye jiwe hakuwa na pa kuuegemeza, na makali yalitoka na meno. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwake tangu mume wangu afariki Ruaha Mbuyuni. Akaniketisha uani akanifundisha. Miezi minne niliharibu, yeye akasema "tena". Mwezi wa tano aliupima wembe kwa unywele wa kichwa chake, unywele ukaanguka wenyewe. Hakunisifu. Alikwenda kufungua kibaraza.

Kwa hiyo wanaume wa Mbeya, nisikilizeni vizuri. Miaka mitatu mmekaa kwenye kile kiti mkisema, "Mkono wa Bartholomeo hauzeeki." Wembe ule niliunoa mimi, uani, nimekaa kwenye kigoda, kila asubuhi kabla hamjafika. Baba mdogo Saulo, na wewe umo. Wiki ya Pasaka ulisinzia.

Na kaka yangu namlaumu hapa mbele ya jeneza lake, maana nikimsamehe kwa haraka nitakuwa mnafiki. Aliniahidi atawaambia. Kila mwezi alisema mwezi ujao, kwa kuhofia wateja watakimbia. Amekufa na siri yangu mdomoni mwake. Nilimpenda, na nimemkasirikia, na yote mawili nimekuja nayo makaburini.

Mwezi Agosti mwaka huu marehemu alishikwa na kifua. Jumatatu ndugu walifika kwa lori kutoka Iringa. Aliaga dunia jana Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1957, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Verediana. Saa nane mchana, mwili ungali ndani, kikao cha ukoo kilikwisha kukaa. Nilisema jiwe na wembe vibaki kwangu.

Baba mdogo alinijibu, "Evarista mwanangu, jiwe la kinyozi litakwenda kwa mwanamke kufanya nini? Didas ni mwanamume. Atachukua Didas."

Didas ni mtoto wa kaka yetu mkubwa. Hajawahi kunyoa hata mbuzi. Na jana hiyohiyo, kabla jua halijazama, alikwisha kuuonyesha urithi wake. Ng'ombe wa msiba alipoletwa, visu vilikuwa butu. Jiwe jekundu lilikuwa mlangoni, alilivuka. Alifikiri lililofungwa kwa kitambaa ndilo bora kuliko yote, basi litafaa kwa yote. Akanoa juu yake visu vitatu na panga, kwa nguvu zake zote za ujana. Nilipomuuliza, alisema, "Shangazi, si jiwe tu? Watu walikuwa na njaa."

Nyama mmeila, na ilikuwa tamu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Leo asubuhi nilikwenda kumnyoa kaka yangu kwa mara ya mwisho, kama desturi yetu inavyotaka, asiingie kaburini na ndevu za ugonjwa. Nikalifungua jiwe. Lilikuwa na mifereji inayoingia ukucha. Imesalia pembe moja salama, upana wa vidole viwili. Nilinoa kwenye pembe ile tangu kumekucha mpaka saa nne, huku nalia na kutukana. Makali hayakukamilika. Mliomuaga mmeuona mkwaruzo chini ya sikio lake la kushoto. Haukutoa damu, lakini upo. Mtu ambaye hakuwahi kumkata mtu anazikwa amekatwa, na aliyemkata ni mimi, mwanafunzi wake. Hilo sitalisahau, na wewe Didas nakuomba usilisahau.

Marehemu ameacha mjane, Verediana, watoto watatu, Crispin, Juliana na Paskalina, wajukuu watano, na dada mmoja, ambaye ndiye mnoaji wake.

Jumatatu ni siku ya kunyolewa wafiwa. Mtanyolewa kwa wembe wa marehemu, na nitaunoa mimi, mchana, kibarazani, mbele ya macho yenu. Asiyetaka mkono wa mwanamke abaki na nywele zake. Lakini jiwe halinoi likiwa na mifereji, na kulisawazisha ni kulisugua juu ya jiwe jingine kwa maji na mchanga, siku mbili, polepole. Kwa hiyo Didas, tukitoka hapa usipitie kwenye pombe. Beseni nimeliweka uani, na kigoda changu utakikuta hapohapo. Utasugua wewe, nami nitakaa kando yako nikisema "tena".

Kaka, pumzika kwa amani. Sasa wanajua.