Modesti Sikazwe na Maji Yaliyokuwa Yakilala

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, familia imeniagiza mimi Leonsi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yetu tungependa yazikwe naye.

Marehemu Modesti Sikazwe alizaliwa tarehe 3 Machi 1926, pembeni mwa bonde la Kanyele, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Mwazye, akiwa mtoto wa pili wa mzee Adolfu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1940, kisha akarudi kulima matuta na kutunza visima vya bonde, kazi aliyorithi kwa baba. Mwaka 1949 alifunga ndoa na mama Sophia, wakajaliwa watoto sita, wanne wako hai.

Vijana mnalijua bonde hilo kama shamba, lakini lilikuwa tope jeusi lenye mizizi, linalotetemeka ukilikanyaga, na masika lilimwaga maji pande mbili, huku mto Kalambo, huku ziwa Rukwa, wala kiangazi halikukauka. Mwaka 1974, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Bwana Shamba Isakwisa, mgeni kutoka Mbeya, alimwuliza marehemu maji yale yanakwenda wapi, naye akajibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Yanalala." Alimaanisha yanatunzwa, kama tusemavyo mbegu imelala ghalani, mgeni akasikia uvivu, na miaka ile hakuna aliyeruhusiwa kulala. Mkutano ukaamua maji yaamshwe kwa mfereji wa kulikausha bonde tulime mahindi, marehemu akateuliwa msimamizi wa mfereji, na sisi sote tulioketi hapa tulichimba, tena tukiimba.

Mwaka 1976 mahindi yalitupita vichwa, marehemu akazawadiwa jembe. Mwaka uliofuata visima vilikauka, na Septemba, moto wa kuchoma majani uliingia ardhini, udongo wenyewe ukaungua, ukafuka moshi wiki tano. Kaka alichukua jembe lilelile, akaanza kuuziba mfereji peke yake, tukamshitaki kuwa mhujumu, akawekwa ndani siku tisa, na alipotoka akaendelea kuziba, mvua ikizibua kila masika. Inaniuma kusema kwamba hata mimi sikumsaidia.

Kifua kilichoanzia kwenye moshi ule kilimzidi Juni 1980, akalazwa hospitali mjini Sumbawanga, akafariki Jumanne tarehe 14 Oktoba, baada ya kumwuliza mama Sophia kama mfereji umeziba, na mama akamdanganya kwamba umeziba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa mfereji waliochimba kaburi, na majirani, hasa akina mama waliotembea tangu jana kumletea maji ya kumwosha, maana hapa Kanyele hatukupata hata ndoo moja.

Kaka Modesti, pumzika kwa amani, na ulale kwa maana yako, si kwa ile tuliyoisikia sisi.