Doña Herminia na Foleni Iliyopita Mlango Wangu

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, Doña Herminia Zaldívar anastaafu baada ya kupima presha katika kliniki yetu ya bonde la Yakima kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, ikanichagua mimi, Noemí Arreola, mshauri nasaha wa kliniki. Walikuwa wanacheka waliponichagua. Kila mfanyakazi hapa anajua kwamba hakuna binadamu niliyemwonea wivu kama mama huyu. Basi nitaandika ukweli, na asiyeupenda asisome.

Alizaliwa Michoacán, upande wa pili wa mpaka, akaja huku na mumewe kuchuma tufaha. Mgongo ulipomshinda akaomba kazi ya usafi hapa kliniki. Siku ya tatu muuguzi mmoja hakufika, naye akaombwa ashike mashine ya presha kwa muda. Hajairudisha mpaka leo. Cheti chake pekee ni cha mafunzo ya wiki mbili, nacho amekitundika nyuma ya mlango, chini ya koti lake.

Wageni wa kliniki hudhani kupima presha ni kazi ya dakika moja. Kwake si hivyo. Mgonjwa anakaa, anakunja mkono wa shati, anafungwa mkanda. "Kimya kwanza," atasema, "mashine haipendi domo." Ataandika namba, halafu, "Haya, lete mkono wa pili." Mkono wa pili si lazima kila mara, nilimuuliza daktari. Lakini hapo ndipo watu husema. Husema hawalali. Husema kifua kinawabana kila likipita gari la polisi, wasije wakarudishwa kwao, au mke amebaki kijijini Oaxaca mwaka wa kumi na mbili sasa na sauti yake kwenye simu imekuwa ya mtu mwingine. Doña Herminia hupampu polepole, husikiliza, kisha huuliza swali moja tu: "Tangu lini?"

Mimi nilikuja miaka minne iliyopita na shahada mbili. Ni mtoto wa hapahapa. Mama yangu alifungasha tufaha kiwandani nikasoma. Kabla yangu, mtu aliyezidiwa na mawazo alilazimika kwenda mjini, saa moja na nusu kwa gari, asubiri miezi mitatu, ajaze fomu za Kiingereza bila bima mfukoni, kisha amweleze daktari siri zake huku mtoto wake mwenyewe akitafsiri. Nilileta huduma ya bure, kwa Kihispania, karibu na nyumbani. Nikapewa chumba kizuri, viti viwili, boksi la tishu, na kibao mlangoni: AFYA YA AKILI. Mwaka wa kwanza waliingia watu kumi na mmoja. Wanne walikuwa wanatafuta choo.

Na foleni ya Doña Herminia? Ilipita mbele ya mlango wangu ikakunja kona. Watu wenye presha ya mtoto wa shule walikuja kila wiki! Jamani, roho iliniuma. Nilikuwa nakula chakula cha mchana mlango wazi ili nionekane. Siku moja nilimkaribisha Don Wenceslao, msimamizi wa shamba la cheri. Akavua kofia kwa heshima, akasoma kibao, akaivaa tena. "Asante, binti," akasema. "Mimi si kichaa, nina presha tu." Akarudi kwenye foleni. Presha yake haina tatizo lolote, nimeona faili.

Hata sifa nilizozitamani alizipata yeye. Niliandika mpango wa kurasa arobaini wa kuwafikia wachumaji, hakuna aliyeusoma. Yeye, zamani sana, aliomba tufungue saa kumi na moja alfajiri wakati wa kuchuma cheri, ili watu wapite kabla ya kwenda shamba. Akakataliwa. Akaleta kiti chake, akawa anapima nje, penye maegesho, kwenye baridi, mpaka wakubwa walipoona aibu wakafungua mlango. Mlango huo bado hufunguliwa alfajiri kila Juni.

Februari mwaka jana nilimwandikia meneja barua. Nilieleza kwamba msaidizi asiye na leseni anapokea siri za wagonjwa, na kwamba yeyote anayeanza kusema mambo ya moyoni aelekezwe kwangu. Kila neno lilikuwa sahihi na kila neno lilitoka kwenye wivu. Meneja alikubali. Doña Herminia alisoma agizo, akanitazama, akasema, "Sawa, mtaalamu. Kazi ni kazi." Kuanzia siku hiyo akawa anapima mkono mmoja.

Nikafuta viti vyangu vumbi, nikanunua tishu zaidi. Hakuja mtu. Wiki ya pili foleni ilikuwa nusu. Kufika wiki ya tano, hata wagonjwa wa sukari walikuwa hawaji kuchukua dawa.

Wiki hizohizo mama yangu alikuwa anakonda. Ninaishi naye. Ndugu yangu Efrén alifariki kwa ajali ya barabarani miaka mitano iliyopita, na mama hakuwahi kulitaja jina lake mbele yangu, nami na shahada zangu nikaridhika kwamba amepoa. Sasa alikuwa hali chakula, na kopo la vidonge vyake vya presha lilikuwa limejaa pomoni. Aliniambia ni mafua. Nikamchemshia supu ya kuku.

Alhamisi moja nilirudi nyumbani mchana kufuata miwani. Nikasikia watu jikoni. Mama alikuwa mezani, mkono umefungwa mkanda, analia, na mbele yake ameketi Doña Herminia, aliyetumia saa yake ya chakula kuja kwetu. Kati yao palikuwa na sahani ya maharage na tortila, chapati zetu za mahindi, haijaguswa.

"Namtilia chakula kila siku, shoga," mama alikuwa anasema. "Namtilia Efrén, chakula kinapoa, nakimwaga kabla Noemí hajarudi. Siku nyingine natamani nimfuate."

"Tangu lini unatamani?"

"Tangu ulipoacha mkono wa pili."

Doña Herminia hakushtuka. "Na leo?"

"Leo kidogo tu. Maana umekuja."

Nilisikia yote kutoka mlangoni. Nisiwafiche: kabla ya huruma, kabla ya hofu, ulinijia wivu. Jikoni kwetu! Mama yangu mzazi! Kinyozi hajinyoi, hilo nilishazoea, lakini kumbe hata mama yake hamnyoi? Kisha nikaelewa barua yangu ilikuwa imemfunga nani mdomo.

Jioni nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia. "Mwanangu," akasema, "nikikwambia wewe utaumia, halafu itabidi nianze kukubembeleza. Herminia halii. Anaandika mia na arobaini kwa tisini, ananipa maji, basi."

Kesho yake niliifuta barua mbele ya meneja, nikabandua kibao mlangoni kwa kisu cha siagi. Nilimsubiri Doña Herminia anisute, ningestahili. Akaniambia tu, "Mtaalamu, mama yako anahitaji daktari, mimi peke yangu sitoshi. Nitampeleka mimi. Ukimpeleka wewe hatakwenda." Akampeleka mjini, akasubiri naye, akahakikisha ameanza dawa, na akaendelea kumpima mikono yote miwili kila wiki.

Tangu hapo wagonjwa sitini na wanne wameingia chumbani kwangu, wote wameletwa naye, ameshika viwiko vyao. "Huyu ni binti yetu," huwaambia. "Ongea naye, hang'ati." Amewafundisha akina mama wawili kutoka kiwanda cha tufaha washike meza yake, na nimewasikia: wanaomba mkono wa pili. Don Wenceslao alikuja Machi mwaka huu. Alikaa dakika hamsini, na tishu alizimaliza yeye.

Nina kosa moja la mwisho la kukiri. Nilipopata habari za kustaafu kwake, moyo wangu ulicheka. Nilihesabu wiki. Nilijua sasa mama ataongea na mimi, atakuwa na nani tena? Jumapili nikamchokoza, "Mama, Herminia akishaondoka, utaongea na nani?"

Mama akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. "Na Herminia. Ameshaniwekea kiti barazani kwake. Jumanne, saa nne asubuhi."

Basi, Doña Herminia, kliniki nzima inakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, na mimi nakushukuru kwa mama yangu, ambaye yuko hai na ameanza kunenepa. Mgongo wako upate nafuu, kahawa yako isipoe, wajukuu wakuchoshe vizuri. Uishi maisha mema na marefu. Wivu wangu haujaisha, usijidanganye. Jumanne mimi mwenyewe nitamleta mama, halafu nitakaa garini, vioo nimevifunga, mpaka atakapomaliza.