Nai Ganda na Jina Lisilobadilika

Baada ya miaka thelathini na tano ya kufundisha Biblia katika usharika wetu wa kando ya Ziwa Toba, Mwalimu Tiarma boru Sihombing, binti wa ukoo huo, yaani Nai Ganda (mama wa Ganda), anastaafu tarehe 31 Julai. Baraza la wazee limeniomba mimi, mama yake na mpishi wa zamani wa usharika, niandike wasifu huu. Hawakukosea. Nani anamjua kunizidi?

Alianza kazi akiwa na sketi mbili na sauti kama kengele. Kuimba hawezi, hilo karithi kwa baba yake. Lakini kufundisha! Wazee watatu wa kanisa walipita mikononi mwake katika kipaimara, watoro wakubwa. Siwataji, wanajijua.

Kinachokumbukwa zaidi ni ule mjadala wa jina la Mungu. Mchungaji Parlindungan, kijana bado hajaoa, alirudi kutoka masomoni Medan akafundisha kwamba jina ni moja tu, lile aliloambiwa Musa penye kijiti kilichowaka moto. Sala kwa Debata, jina tulilorithi kwa mababu, akasema haziendi popote. Usharika ukapasuka. Hata harusini watu walikula makundi mawili.

Jumatano moja darasani nikasimama. "Mchungaji, mume wangu alikata roho akimwita Debata. Alikuwa anaongea na ukuta?"

Mchungaji akafuta miwani. Nai Ganda akainuka.

"Mchungaji, mama yako anaitwaje?"

"Nai Parlindungan."

"Hilo kalipata kwako wewe kifungua mimba. Na lile alilobatizwa?"

"Hee! Nilitamke mbele za watu? Unataka nilaaniwe?"

Watu wakaangua kicheko, maana kwetu mtoto hatamki jina la mzazi wake.

"Ulipokuwa mchanga ukilia, ulikuwa unalijua?"

"Sikulijua."

"Na alikuja?"

"Alikuja."

Nai Ganda akanigeukia. "Mama, Mungu naye alikubali kuitwa kwa watoto wake: Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka. Lakini sisi kabla ya watoto hatukuwa na majina hayo. Yeye alipoulizwa lake mwenyewe alisema yupo, basi. Hakuanza, wala hatakoma. Sasa asiye na mwanzo wala mwisho, ni saa gani hakuwepo baba alipomwita?"

Mchungaji hakukubali yote. Mpaka leo wanabishana juu ya sahani ya samaki wa arsik, wale wa viungo vyetu. Yeye hushikilia kwamba jina ni agano, halichezewi. Ila Jumapili iliyofuata usharika ulikula pamoja, na mimi, niliyekuwa nimeisusia, nikashiriki meza ya Bwana tena.

Mwezi uliopita Ganda alipata mtoto, Sahala. Kwa hiyo anayestaafu ni Nai Ganda, na anayerudi nyumbani ni Ompu Sahala, bibi wa Sahala.

Asante kwa kazi yako, mwanangu. Usharika wote unakuombea afya, wajukuu wengi na usingizi wa mchana. Jina lako limebadilika. La uliyemtumikia liko palepale. Nami nikimfikia baba yako, nitamwambia alisikika.